Umri wa Sindano: Homa ya Ini C na Nyanda za Ainabkoi

Ukiuliza homa ya ini aina ya C imeenea kiasi gani Ainabkoi, katika kaunti ya Uasin Gishu nchini Kenya, jibu utakalopewa mara nyingi limetoka kwenye mifuko ya damu. Damu inayochangwa shuleni, makanisani na kwenye mikutano ya hadhara husafirishwa hadi kituo cha kanda cha kuongeza damu mjini Eldoret, na huko kila mfuko hupimwa maradhi manne: Ukimwi, kaswende, homa ya ini B na homa ya ini C. Mifuko inayokutwa na C ni michache. Makadirio mengi ya Kenya nzima nayo huweka maambukizi haya chini ya asilimia 1 ya watu. Basi watu hufunga hesabu: huo ni ugonjwa wa Wamisri, au wa vijana wa unga kule Pwani, sisi wa nyanda za juu hautuhusu.

Takwimu hiyo ni ya kweli kwa waliopimwa, na hapo ndipo penye kasoro. Kwa miaka mingi benki ya damu ya Kenya imetegemea wanafunzi wa sekondari. Kila mhudumu wa damu anajua kwamba shule zikifungwa, majokofu hubaki matupu. Mwanafunzi wa miaka 17 aliyezaliwa baada ya bomba la sindano la kutumika mara moja kuwa jambo la kawaida hana sababu kubwa ya kuwa na kirusi cha C. Bibi yake aliyelazwa mwaka 1968, akachomwa sindano, akajifungua kwa upasuaji na kuongezewa damu isiyopimwa, ana sababu nyingi, lakini hakuna anayemwomba damu. Kuipima Ainabkoi kwa damu ya wanafunzi ni kama kuwashika wajukuu paji la uso na kutangaza kwamba babu hana homa.

Umri una uzito huu kwa sababu ya tabia ya kirusi chenyewe. Hupita kwa damu kukutana na damu. Hakiambukizwi kwa chakula, kwa kikombe wala kwa kusalimiana. Kwa ngono hupita mara chache, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto ni kama mara 1 katika kila uzazi 20. Kati ya watu kumi wanaoambukizwa, watatu hivi mwili wao hukifukuza ndani ya miezi sita. Waliobaki huishi nacho, na wengi wao hawaoni macho ya manjano wala hawasikii maumivu. Miaka 20 ikipita, kati ya 15 na 30 katika kila 100 huwa ini limejaa makovu na kusinyaa. Kwa hiyo mzee wa miaka 68 anayefika hospitali ya rufaa ya Moi tumbo limejaa maji anaweza kuwa anasimulia, bila kujua, habari ya sindano aliyochomwa akiwa na miaka 30.

Ndiyo maana mwenendo wa maambukizi haya katika jamii husomwa kwa umri zaidi kuliko kwa mwaka wa kupima. Ukichora mstari wa walioambukizwa kwa kila rika, mahali unapopanda juu panakuonyesha lini sindano zilikuwa chafu, kwa ajili gani, na katika mikono ya nani. Rika hilo hubeba maambukizi yake likizeeka, huku nyuma yake vijana wakikua safi, mpaka njia nyingine ya damu ifunguke.

Misri ndiyo somo kubwa kuliko yote, na barani Afrika hakuna mfano unaoikaribia. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali yake ilipambana na kichocho katika bonde la Nile kwa sindano za dawa yenye antimoni, sindano nyingi kwa kila mgonjwa, kwa mabomba ya kioo yaliyochemshwa haraka au yasiyochemshwa kabisa. Kichocho kilipungua. Kirusi ambacho hakikuwa hata na jina kikasambaa kijiji baada ya kijiji. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2008 ulikuta kwamba karibu watu 15 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 59 walikuwa na kingamwili za C, na kiwango kilipanda kwa kila rika la wakubwa. Wanasayansi waliosoma vinasaba vya virusi vya Misri, wakizihesabu tofauti zinazojikusanya mwaka hadi mwaka, walirudi nyuma hadi wakati wa mlipuko wenyewe: takriban kati ya miaka ya 1930 na 1950, dawa ya antimoni ilipokuwa imeshaanza kutumika na kampeni kubwa ikijongea. Damu ilikuwa imetunza tarehe ambazo daftari za zahanati hazikuandika.

Japani nayo ilikuwa na kichocho, ikakitibu kwa antimoni tangu miaka ya 1920. Saratani ya ini ilianza kupanda huko katika miaka ya 1970. Marekani, ambako C ilisambaa hasa miaka ya 1960 na 1970 kwa sindano za dawa za kulevya na kwa damu ya hospitali, iliona saratani yake ikipanda miongo miwili mitatu baadaye. Kirusi kilekile, ugonjwa uleule, na pengo la miaka kati ya nchi hizo mbili likilingana na pengo la sindano zao. Mwaka 2012 Wamarekani waliamua kila mtu aliyezaliwa kati ya 1945 na 1965 apimwe mara moja bila kuulizwa maswali ya maisha yake, kwa kuwa rika hilo peke yake lilibeba wagonjwa wengi kuliko mengine yote.

Karibu zaidi nasi ni Rwanda. Huko pia kiwango hupanda na umri: vijana wachache sana, wazee wengi. Rwanda haijawahi kuwa na tatizo kubwa la heroini ya kujidunga. Walichokuwa nacho wazee wake ni zahanati za misheni na za serikali ya Wabelgiji, na sindano nyingi. Katika nchi za Afrika ya Kati waliozaliwa kabla ya miaka ya 1950 hubeba alama za kampeni za malale na za buba, ambapo timu za tabibu zilipita vijijini zikiwachoma watu mamia kwa siku kwa mabomba machache.

Sasa tazama ramani ya Uasin Gishu. Mji wa Eldoret uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kwenda Nakuru hupanda ikapita upande wa Ainabkoi na Burnt Forest mpaka Timboroa, ambako reli ilivuka zaidi ya mita 2,700. Ni nchi ya baridi, ya ngano, viazi na maziwa. Konokono wa kichocho hawastawi hapa. Mbung'o wa malale hawafiki. Buba ilikuwa maradhi ya sehemu za joto na unyevu. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Kenya iliendesha kampeni kubwa dhidi yake kwa sindano za bismuthi na za arseniki, lakini ilikuwa katika nchi za Mlima Kenya na Nyanza, huku Uasin Gishu ikigawanywa mashamba ya walowezi, Makaburu waliokuja kutoka Afrika Kusini mwaka 1908 wakiwemo. Ninavyoona mimi, sehemu ya usalama wa nyanda hizi ni zawadi ya baridi: maradhi ambayo dawa yake ilikuwa sindano za halaiki hayakupanda mlima, na sindano zenyewe hazikupanda.

Lakini hesabu hiyo haiwezi kuachwa hapo, kwa sababu watu walipanda. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, na vibarua wa mashamba walitoka kila upande. Baada ya uhuru mashamba makubwa ya Ainabkoi na Burnt Forest yaligawanywa na kuuzwa kwa vyama vya ununuzi wa ardhi na kwa miradi ya makazi; Wakalenjin wakapata majirani kutoka Kati na Magharibi. Ghasia za 1992 na za 2007 hadi 2008 ziliwatawanya tena baadhi yao, wengine wakarudi, wengine wakahamia mitaa ya mjini. Leo wadi tatu za Ainabkoi, yaani Kapsoya, Kaptagat na Ainabkoi/Olare, zina mchanganyiko ambao hauwezi kuitwa jamii moja yenye historia moja. Mzee aliyezaliwa Nyanza au Murang'a katika miaka ya 1930 alikuja na damu ya huko. Kwa hiyo hata kama hali ya hewa ya hapa iliwalinda wenyeji, haikumlinda aliyekuwa ameshachomwa kabla ya kufika.

Na wenyeji nao walichomwa. Hospitali iliyokuja kuwa ya rufaa ya Moi ilianza mwaka 1917 ikiwa ndogo ya Waafrika. Kuanzia miaka ya 1950 penisilini ilienea, na sindano ikapata heshima ambayo vidonge havijaipata mpaka leo. Mgonjwa aliyetoka zahanati bila kuchomwa alijiona hakutibiwa. Kulikuwa na penisilini ya PPF ya kifua na ya kisonono, klorokwini ya malaria, na sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu. Bomba la kioo lilichemshwa asubuhi kwenye sufuria, likatumika, likasuuzwa, likatumika tena. Foleni ikirefuka, muda wa kuchemsha ulifupishwa. Pamoja na wauguzi walikuwapo pia wachomaji wa mitaani, watu waliowahi kufanya kazi hospitalini, wakabaki na bomba moja na sindano mbili nyumbani.

Ongeza kisu. Tohara ya wavulana wa Kikalenjin, inayofanyika mwisho wa mwaka shule zinapofungwa, ilikuwa zamani ya kisu kimoja kwa kundi zima. Ukimwi ndio uliobadilisha hilo: kila kijana wembe wake, au mhudumu wa afya aitwe. Kampeni ya Ukimwi haikuitaja C hata kidogo, na huenda ndiyo iliyoizuia kuliko jambo jingine lolote lililofanywa kwa jina lake.

Damu ya kuongezewa ina simulizi yake. Kabla ya miaka ya 2000 kila hospitali ilijitafutia damu, na aliyetoa alikuwa ndugu wa mgonjwa, au mtu aliyejifanya ndugu kwa malipo. Utafiti uliofanywa mwaka 1994 katika hospitali sita za Kenya ulikadiria kwamba katika kila mara 100 za kuongezewa damu, mbili zilimpa mgonjwa Ukimwi. Na huo ndio ugonjwa uliokuwa ukipimwa. C ilikuwa imetambuliwa mwaka 1989 tu. Kabla ya hapo madaktari waliiita homa ya ini isiyo A wala B, na Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice wangesubiri hadi 2020 kupewa Nobel kwa kazi ya kuifichua. Mlipuko wa bomu wa Agosti 1998 katika ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, uliojaza hospitali kwa majeruhi, ulionyesha jinsi nchi isivyokuwa na mpango wa damu. Huduma ya taifa ya kuongeza damu ikaundwa, ikawa na vituo vya kanda, Eldoret kikiwa kimojawapo, na hatimaye kila mfuko ukapimwa C. Mwanamke aliyetokwa na damu nyingi akijifungua mwaka 1985 na yule aliyepatwa na hayo mwaka 2010 walilazwa, kwa habari ya kirusi hiki, katika hospitali mbili tofauti hata kama kitanda kilikuwa kilekile.

Duniani kote sindano za matibabu zilibadilika katika kipindi hichohicho. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2000 sindano chafu za hospitali ziliambukiza C watu milioni 2 kwa mwaka mmoja. Kufikia 2010 idadi hiyo ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya robo tatu. Mabomba yanayojifunga baada ya kutumika mara moja, fedha za Marekani za mpango wa Ukimwi, na hofu ya Ukimwi yenyewe vilifanya kazi ambayo mahubiri ya usafi hayakuweza. Njia kuu ya zamani ilifungwa. Nyuma yake likabaki rika la watu wenye miaka 60 na zaidi, ambao hakuna aliyerudi kuwauliza.

Kabla sijaendelea mbele kuna mtego wa kutahadhari nao, maana umewanasa watafiti wengi wa Afrika Mashariki. Kipimo cha kawaida cha C hutafuta kingamwili, yaani alama kwamba mwili ulikutana na kirusi, hakitafuti kirusi chenyewe. Aliyepona ana kingamwili. Na mwili uliopigana na malaria na maradhi mengine mengi unaweza kukidanganya kipimo. Huko Rakai, Uganda, watafiti waliopima sampuli elfu moja waliona kiasi cha asilimia 7 au 8 zikionyesha C. Walipozirudia kwa vipimo vya kuthibitisha, karibu zote zilikuwa kengele za uongo. Hebu fikiria mchoraji wa mwenendo anayechukua takwimu za miaka ya 1990 zilizopimwa kwa kifaa cha kwanza, za miaka ya 2000 kwa kifaa cha pili, na za juzi zilizothibitishwa kwa kutafuta kirusi. Ataona mstari ukishuka vizuri. Kilichoshuka huenda ni makosa ya kifaa. Ninapoambiwa kwamba C imepungua au imeongezeka mahali fulani Kenya, swali langu la kwanza ni walipima kwa nini, na la pili ni walimpima nani.

Mtego mwingine ni wa ini lenyewe. Katika wodi za Eldoret ini huharibika kwa sababu nyingi, na C haiko mbele. Homa ya ini B ni ya kawaida zaidi: uchunguzi wa kitaifa wa Ukimwi wa mwaka 2007 ulikuta watu 2 kati ya 100 wakiwa nayo, na karibu theluthi moja wakiwa wamewahi kuipata. Chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto wa Kenya mwaka 2001, kwa hiyo B nayo itakuwa na mpaka wa umri unaoonekana wazi miaka ijayo. Sumukuvu ya mahindi yasiyokaushwa vizuri ni tishio katika ghala la chakula la nchi. Na chang'aa haihitaji kutambulishwa. C hujificha nyuma ya hao watatu, kwani daktari aliyekwisha kupata maelezo hatafuti mengine.

Njia mpya ilifunguka Pwani. Heroini ilianza kuuzwa Mombasa, Malindi na Lamu katika miaka ya 1980, nyingi ikiwa ya rangi ya hudhurungi inayovutwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilifika heroini nyeupe inayoyeyuka kwa urahisi majini, na mateja wengi wakahamia kwenye sindano. Badiliko dogo la bidhaa likaleta badiliko la ugonjwa. Jijini Dar es Salaam watafiti walieleza mwaka 2005 desturi ya kutisha zaidi: mwanamke aliyejidunga huvuta damu yake kwenye bomba na kumpa mwenzake asiye na pesa ajidunge damu hiyo, kwa imani kwamba imebaki na unga ndani. Kwa kirusi cha C hakuna mwaliko mkubwa zaidi ya huo. Utafiti mkubwa wa watu wanaojidunga Nairobi na Pwani ya Kenya, waliozidi elfu mbili, ulikuta takriban asilimia 13 wakiwa na kingamwili, Pwani ikizidi Nairobi, na virusi vyao vikiwa karibu nusu kwa nusu wa aina mbili, 1a na 4a. Asilimia 13 ni ndogo ukilinganisha na miji mingi ya Ulaya, ambako zaidi ya nusu ya wanaojidunga wanayo. Nadhani maana yake ni kwamba mlipuko ulikuwa bado mchanga walipopimwa, na kwamba ugawaji wa sindano safi, uliopingwa na viongozi wengi wa dini ulipoanza 2012, ulifika kabla mlango haujafunguka wote. Kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifunguliwa 2011, ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, kisha Malindi.

Eldoret haikufuata mkondo huo, angalau si kwa sindano. Vijana wa mitaani wa mji huu, ambao wamechunguzwa sana na watafiti, hunusa gundi. Gundi huharibu ubongo na mapafu lakini haipitishi damu. Ila mji uko kwenye barabara kuu ya malori ya kwenda Malaba, ulipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2024, na Kisumu, ambayo ni mwendo wa saa chache tu, tayari ina watu wanaojidunga. Watafiti waliwapata huko katikati ya miaka ya 2010, wakati wengi wakidhani unga ni jambo la Pwani.

Kuna onyo la ajabu kutoka kwa rafiki wa karibu wa Eldoret. Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Moi tangu 1989, na ushirika huo ulizaa AMPATH, mpango uliowapa dawa za Ukimwi watu wengi mno wa magharibi mwa Kenya. Mwaka 2015, wakati madaktari wa Indiana wakihesabu mafanikio yao Uasin Gishu, wilaya ya Scott katika jimbo lao wenyewe, sehemu ya mashambani yenye watu wachache, ilipata mlipuko wa Ukimwi wa watu zaidi ya 180. Walikuwa wakijidunga vidonge vya maumivu vilivyosagwa. Tisa kati ya kila kumi walikuwa na C pia, na C ndiyo iliyotangulia: ilikuwa imeenea kimya kimya kwa miaka kabla Ukimwi haujafuata nyayo zake. Upimaji ulikuwa haba. Kabla ya hapo takwimu za wilaya hiyo zilikuwa za kuridhisha, kama za Ainabkoi. Marekani nzima sasa ina mstari wenye vilele viwili, cha wazee waliozaliwa baada ya vita na cha vijana wa miaka 20 na 30, na mwaka 2020 waliacha kupima kwa rika, wakaagiza kila mtu mzima apimwe.

Kuna njia nyingine ambayo hapa Ainabkoi haitajwi, nami naitaja nikijua itawaudhi baadhi ya watu. Kaptagat ni nchi ya wakimbiaji. Misitu yake ina kambi ambazo mabingwa wa dunia wamefanyia mazoezi, na vijana wengi zaidi wasio na jina hukodi vyumba jirani wakingoja bahati. Makumi ya wanariadha wa Kenya wamefungiwa kwa dawa zilizokatazwa, na baadhi ya dawa hizo, EPO na nandroloni zikiwemo, huingia mwilini kwa sindano, mara nyingi bila daktari. Brazili ilijifunza jambo hili ikiwa imechelewa. Wachezaji wa kandanda wa miaka ya 1970 na mapema 1980 walikuwa wakichomwa vitamini na vichangamsho kabla ya mechi, timu nzima kwa bomba moja. Miongo mitatu baadaye walipopimwa walikutwa na C kuliko wenzao wa umri ule, na sindano ile ndiyo iliyoonekana kuwa chanzo. Bomba la leo la Kaptagat huenda ni jipya kila mara, maana kemisti huliuza kwa bei ya andazi. Mfano huu unahusu njia ya damu na haumtuhumu mtu. Ila mkimbiaji wa miaka 22 anayejificha kuchomwa hatasema ukweli kwenye fomu ya kuchangia damu, na takwimu yetu ya mifuko haitamwona.

Kuhusu kusafisha figo nitasema kwa ufupi. Tangu 2015 serikali ilisambaza mashine za kazi hiyo katika hospitali za kaunti, na bima ya taifa ikalipia. Maelfu ambao wangekufa sasa wanaishi. Damu ya kila mgonjwa hutoka nje na kurudi mwilini mara mbili kwa wiki, miaka nenda rudi. Duniani kote C imepita katika vyumba hivyo glavu zisipobadilishwa na meza zisiposafishwa kati ya mgonjwa na mgonjwa. Kila mashine mpya inayozinduliwa kwa utepe inahitaji ratiba ya kupima C wagonjwa wake, na ratiba haina utepe.

Kilichobadilisha kila kitu ni dawa. Desemba 2013 sofosbuvir iliidhinishwa Marekani kwa dola 84,000 za tiba ya wiki 12, dola 1,000 kwa kidonge. Mwaka uliofuata mwenye hataza aliruhusu viwanda vya India kuitengeneza kwa ajili ya nchi zenye kipato cha chini. Bei ilianguka. Misri iliwapima watu takriban milioni 50 kati ya 2018 na 2019, ikawatibu mamilioni, na Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitambua kwamba iko karibu kabisa kuutokomeza ugonjwa huo, nchi ya kwanza kufika hatua hiyo. Rwanda ilitangaza mpango wake mwishoni mwa 2018, na ilifika mahali ikanunua tiba nzima ya mgonjwa kwa takriban dola 60. Si kila kitu kilikwenda laini: katika jaribio moja la wagonjwa 300 wa Rwanda, 87 kati ya 100 walipona, lakini waliokuwa na aina ndogo ya kirusi iitwayo 4r walipona kama nusu tu. Dawa zilijaribiwa kwanza kwa virusi vya Ulaya na Marekani. Virusi vya Afrika Mashariki vina ukoo wao. Kenya nayo imewatibu baadhi ya watu wake kupitia kliniki za methadoni, na walipona vizuri.

Kwa hiyo mwenendo wa C sasa una mkono wa tatu. Zamani ulipandishwa na sindano na kushushwa na vifo vya wenye nayo. Leo unaweza kushushwa na tiba, lakini kwa wanaojijua tu, na kufikia 2022, kati ya watu milioni 50 wenye C duniani, theluthi moja hivi ndio waliokuwa wamepimwa na kuambiwa. Pale ambapo ugonjwa ni adimu kama Ainabkoi, kumpima kila mtu ni kupoteza pesa: kengele za uongo zitakuwa nyingi kuliko wagonjwa. Hapo ndipo historia ya sindano inapofaa kitu. Wapimwe mara moja waliozaliwa kabla ya takriban 1970, walioongezewa damu kabla ya miaka ya 2000, wagonjwa wa kusafishwa figo, na yeyote anayekiri kujidunga. Wanafunzi waendelee kutoa damu yao.

Njia ya kuwafikia wazee ipo tayari. AMPATH ilizoea kupima Ukimwi nyumba kwa nyumba, ikaendelea na presha na sukari, na wazee hujitokeza kupimwa presha bila kusukumwa. Mashine ya GeneXpert inayotumika kupima kifua kikuu katika hospitali za kaunti inaweza pia kutafuta kirusi cha C chenyewe, kwa kibweta tofauti, na kutoa jibu ndani ya saa mbili. Fedha ndizo zilizoyumba: msaada wa Marekani kwa huduma ya damu uliisha 2019 na mifuko ikaadimika, kisha mwaka 2025 fedha za Marekani za Ukimwi zilikatwa ghafla na wahudumu wengi wa vijijini wakarudishwa nyumbani. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani Oktoba 2024, ina orodha ya huduma inazolipia, na kibweta hicho cha kuthibitisha, kile kinachomtenganisha mgonjwa wa kweli na kengele ya uongo, ndicho cha kudaiwa kwanza. Bila hicho, mzee wa Olare atakayeambiwa ana kingamwili atarudi nyumbani na hofu, na hatajua kama kirusi bado kimo mwilini mwake au kilishaondoka kabla wajukuu wake hawajazaliwa.